Nafsi Mbili Katika Mstari Mmoja

Tuanze na matini yenyewe. Mwanachama wa orodha ya barua pepe ya wasomaji wa riwaya ameandika maoni yake, na barua imewafikia wenzake ikiwa na mstari huu juu:

From: Asha Mfano via Wasomaji <wasomaji@orodha.example>

Majina nimeyabuni, umbo sikulibuni. Ndivyo zinavyofika barua za orodha ya KICTANet ya Kenya, ambako wadau wa TEHAMA hujadiliana kuhusu sera na sheria, na ndivyo zinavyofika barua za orodha nyingi duniani tangu mwaka 2014. Msomaji mwenye haraka hupita. Jina kaliona, ujumbe kausoma, basi. Mhakiki hawezi kupita, kwa sababu swali lake la kwanza mbele ya matini yoyote ni nani anayesema, na mstari huu unatoa majibu mawili yasiyopatana.

Jina ni la Asha. Anwani si yake. Kwa kanuni za barua pepe, maneno yaliyo nje ya mabano ya pembe ni pambo la kumfurahisha msomaji. Mashine hutazama kilichomo ndani ya mabano. Kwa mashine, basi, barua hii imeandikwa na orodha. Asha aliyekaa usiku kucha akipanga hoja zake amegeuzwa mhusika katika barua yake mwenyewe, anatajwa lakini hasemi. Ukibonyeza "jibu" ukidhani unamwandikia yeye faraghani, unaweza kujikuta umewaandikia watu mia tatu.

Mabadiliko haya hayakuletwa na wasimamizi wa orodha kwa kupenda mtindo mpya. Walilazimishwa na sera za uthibitishaji wa barua pepe, hasa ile inayoitwa DMARC, na mimi nadai kwamba sera hiyo iliisoma vibaya fani ya barua. Ilikuta umbo lenye mistari kadhaa, kila mstari na kazi yake, ikachagua mstari mmoja na kuutwika kazi zote. Matokeo yake ni kwamba kanuni iliyotungwa kuzuia watu wasijifanye wengine imewalazimisha waaminifu kuandika mstari ambao si wa kweli.

Umbo la asili halikuwa la kijinga hata kidogo. Mwezi Agosti 1982 zilitoka nyaraka mbili: RFC 821 ya Jonathan Postel, iliyoeleza jinsi seva zinavyokabidhiana barua, na RFC 822 ya David Crocker, iliyoeleza mpangilio wa barua yenyewe. Postel alishughulika na bahasha. Bahasha ina anwani yake ya marejesho, pale barua inaporudi ikishindwa kufika, na msomaji wa kawaida haioni kamwe. Crocker alishughulika na karatasi iliyomo ndani, na humo akatenganisha nafsi kwa uangalifu ambao hadi leo unanifurahisha. From ni mwandishi. Sender ni aliyeituma, kama si mtu yuleyule. Bosi akiandika na katibu muhtasi akatuma, bosi anakaa kwenye From na katibu kwenye Sender. Reply-To ni pa kupeleka majibu. Tena From iliruhusiwa kubeba waandishi zaidi ya mmoja, kwa sharti kwamba hapo Sender iwepo, ili ijulikane ni mkono wa nani uliotuma.

Programu za orodha za barua pepe zilikuta nyumba imeshajengwa, zikaingia. Éric Thomas alipoanzisha programu ya LISTSERV mwaka 1986, na ile ya Mailman ilipokuja baadaye, mpangilio ulikuwa mwepesi: bahasha inabeba anwani ya orodha, ili barua zilizoshindikana zimrudie msimamizi, na From inabaki ya mwandishi. Mwaka 1998 ikaongezwa mistari ya kumwambia msomaji namna ya kujiondoa, na mwaka 2001 ukaja List-Id, mstari wa kuitambulisha orodha kwa jina lake. Kila nafsi ilipata mahali pake pa kusimama. Pamoja na mistari hiyo rasmi, desturi ilizaa alama mbili ambazo kila mwanaorodha anazijua: jina la orodha ndani ya mabano ya mraba mwanzoni mwa mada, na mkia chini ya barua unaosema orodha hii ni ipi na unajitoaje. Shikeni alama hizo mbili, kwa maana ndizo zitakazoleta balaa.

Kasoro ya nyumba hiyo ilikuwa kubwa, na sitaificha. Milango yote ilikuwa haina kufuli. Yeyote aliweza kuandika kwenye From anwani ya benki, ya waziri au ya mkwe wake, na seva ikapokea. Matapeli walijua hivyo kabla ya wahandisi kuanza kujali.

Tiba ya kwanza ilikuwa SPF, iliyotolewa rasmi mwaka 2006 na kuandikwa upya 2014. Hii inasoma bahasha tu: mwenye kikoa, yaani sehemu ya anwani inayofuata alama ya @, anatangaza seva zipi zina ruhusa ya kutuma kwa jina lake, na mpokezi analinganisha. Orodha haikudhurika, kwani bahasha ni yake na seva ni zake. Sina zaidi la kusema juu yake.

Ya pili, DKIM, inastahili kusomwa polepole, kwa sababu yenyewe ni kazi ya fani. Barua ya Asha ilipotoka kwa mtoa huduma wake ilibeba mstari wa namna hii, ambao nimeufupisha:

DKIM-Signature: v=1; a=rsa-sha256; c=relaxed/simple; d=posta.example; h=from:to:subject:date; bh=…; b=…

Hii ni saini, lakini tazama inachokisaini. Herufi d inataja kikoa kinachoapa. Herufi h inaorodhesha mistari ya juu ambayo kiapo kinaihusu: mwandishi, mwandikiwa, mada, tarehe. Kisha bh ni muhtasari wa kihisabati wa mwili mzima wa barua. Ukibadilisha nukta moja, muhtasari unakuwa mwingine kabisa. Yenye mvuto zaidi kwangu ni c, maana hapo mwenye saini anaeleza uvumilivu wake. Neno la kwanza linahusu mistari ya juu, na linasema: nafasi zikiongezeka au mstari ukikunjwa, sitajali. La pili linahusu mwili, na ni kali: nitasamehe mistari mitupu mwishoni, basi.

Sasa barua inaingia kwenye orodha. Orodha inaweka [Wasomaji] mwanzoni mwa mada, na mada imetajwa ndani ya h. Inabandika mkia wa mistari minne chini, na mkia huo umeingia ndani ya bh. Hakuna neno la Asha lililoguswa. Hoja zake zote zipo, koma zake zote zipo. Saini imevunjika hata hivyo, kwa sababu DKIM haijui tofauti kati ya kupotosha maneno ya mtu na kumwongezea mkia. Kwake matini ni mfuatano wa herufi, na mfuatano umebadilika. Kulikuwa na njia ya kuruhusu mkia, alama ya l inayosema "nimesaini mpaka herufi ya kadha wa kadha tu", lakini wengi waliikwepa kwa sababu ya haki: ukimruhusu msimamizi mwema aongeze mkia, umemruhusu na tapeli aongeze kurasa nzima.

Pamoja na ukali huo, DKIM ilikuwa na staha. Maelekezo yake kwa mpokezi yalisema saini iliyovunjika ihesabiwe kama haipo. Barua isiyo na saini halali haikushtakiwa kwa lolote, ilirudi tu kuwa barua ya kawaida ya kupimwa kwa vigezo vingine. Orodha ziliishi na saini zilizovunjika kwa miaka.

Staha hiyo ndiyo DMARC iliyoiondoa. Tangazo lake ni fupi. Mwenye kikoa analiweka kwenye DNS, daftari la hadharani la majina ya intaneti, na linasomeka hivi:

v=DMARC1; p=reject; rua=mailto:ripoti@posta.example

Ukiondoa nambari ya toleo na anwani ya kupelekea ripoti, kinachobaki ni kitenzi kimoja cha amri: kataa. Machaguo ni matatu tu, usifanye kitu, weka pembeni penye barua taka, au kataa. Anayeamriwa ni nani? Si Asha, wala si atakayesoma barua yake. Ni seva ya tatu, ya mtoa huduma mwingine, ambayo haina mkataba wowote na mwenye tangazo. Na anachoamriwa kukataa kinatambulishwa kwa sharti moja, sharti la ulinganifu: kikoa kilichomo ndani ya From lazima kifanane na kile kilichopita mtihani wa SPF, au na kile kilichosaini kwa DKIM. Mojawapo ikitimia inatosha.

Hebu tuipeleke barua ya Asha kwenye mtihani huo kabla orodha haijabadilisha From. SPF imepita, lakini kwa kikoa cha orodha, ambacho hakifanani na posta.example. DKIM ina kikoa kinachofanana, lakini imevunjwa na mabano ya mada na mkia. Njia ya kwanza ina ukweli bila ulinganifu, ya pili ina ulinganifu bila saini nzima. Mistari mingine yote inayoeleza kilichotokea, Sender, List-Id, anwani ya bahasha, imo ndani ya barua na inasema kweli tupu, ila DMARC haiitazami. Ile fursa ya zamani ya kuweka waandishi wawili kwenye From nayo imefungwa: barua yenye vikoa viwili tofauti hapo mara nyingi hukataliwa moja kwa moja, kwani sera haijui imwulize nani.

Watetezi wa DMARC hawakuwa wajinga, na mtu akisoma kusudi la asili atawaelewa. Ilitangazwa Januari 2012 na kundi lililojumuisha PayPal, Google, Microsoft na Yahoo, na shabaha ilikuwa barua za ulaghai zinazojifanya zimetoka kwa makampuni ya fedha. Fikiria fani ya barua ya benki. Ina nafsi moja. Inatoka kwenye seva moja inayojulikana, inamwendea mtu mmoja, haipiti mikononi mwa mtu, na kwa kawaida inamkataza msomaji kujibu. Kwa utanzu huo p=reject inafaa kabisa. Mtu akinionyesha barua iliyopotea ya benki na ujumbe elfu wa kitapeli uliozuiwa, nitasema benki imechagua sawa.

Kosa la kiutanzu lilifanyika wikiendi moja mwanzoni mwa Aprili 2014. Yahoo, wakati matapeli walipokuwa wakiandikia watu kwa kutumia majina ya jamaa zao wenye akaunti za Yahoo, ilibadilisha tangazo la yahoo.com kuwa p=reject. AOL ilifuata kabla mwezi haujaisha, kwa sababu zinazofanana. Vikoa hivyo havikuwa vya kutuma risiti na taarifa za akaunti. Vilikuwa vya watu wa kawaida, walioandika kwenye orodha za wazazi wa shule, za wanamaombi, za wahandisi, za Waafrika walioko ughaibuni. Sera iliyoshonwa kwa kipimo cha barua ya benki ikavalishwa mazungumzo.

Kilichofuata kina kejeli ambayo mtunzi wa tamthilia angeikataa kwa kuiona imezidi. Mwanachama mwenye anwani ya Yahoo anaandika. Orodha inasambaza. Gmail, Hotmail, hata Yahoo yenyewe, zinatii tangazo na kuirudisha barua. Barua ikirudi, inarudi kwa orodha, na orodha inafanya ilichofundishwa tangu zamani: inadhani anwani ya mpokeaji imekufa. Mailman humwongezea mwanachama alama moja kwa siku ambayo barua yake imerudi, na kwa mpangilio wa kawaida alama zikifika 5 inasimamisha kumtumia barua. Hivyo mwandishi mmoja mwenye anwani ya Yahoo na maneno mengi, akiongea juma moja, aliweza kuwatoa nje wanachama wa Gmail ambao hawakuandika hata sentensi. Aliyeandika alibaki. Waliokaa kimya ndio walioondolewa. Orodha za IETF, taasisi inayoandika viwango vyenyewe vya intaneti, nazo zilipigwa, na waliokuwa wakijadili ubaya wa sera hiyo walikuwa wakipotezana ndani ya mjadala huohuo.

Baadhi ya wasimamizi waliwafungia mlango watu wa Yahoo na kuwaambia wafungue akaunti kwingine. Sioni fani yoyote hapo ya kuhakiki. Masuluhisho mengine ndiyo yanayonivuta, kwa sababu kila moja ni jibu tofauti kwa swali la nani anasema.

Jibu lililoenea zaidi ni lile tulilolisoma mwanzoni: anwani ya mwandishi inatolewa, ya orodha inaingia, na jina linabaki na kiunganishi baada yake. Programu hulipa jina la kiufundi linalokiri kwamba mstari umeharibiwa makusudi. Anwani ya Asha inahamia kwenye Reply-To au kwenye Cc, na hapo maana za mistari zinaanza kugongana, maana Reply-To iliwekwa kwa ajili ya mahali pa majibu, sasa inafanya kazi ya kuhifadhi mwandishi. Mahali ambapo orodha tayari ilikuwa imeitumia Reply-To kurudisha majibu kwa kundi, anwani mbili zinagombea kiti kimoja. Hasara nyingine ni ya kimyakimya: programu ya simu inayojifunza anwani huikariri ile ya orodha chini ya jina la Asha, na miezi sita baadaye mtu anaandika "Asha" kwenye nafasi ya mwandikiwa, anaanza kumweleza habari za ndoa yake, na simu inapeleka kwa wasomaji wote wa riwaya.

Jibu la pili ni la kufunika. Orodha inaandika barua yake yenyewe, yenye From yake halali, na kuiweka barua ya Asha ndani yake nzima, na mistari yake yote ya juu, kama kiambatisho. Wanafasihi tunaijua mbinu ya hadithi ndani ya hadithi, na kwa upande wa ukweli hakuna jibu safi zaidi: msimulizi wa nje anajitaja, wa ndani anabaki na sauti yake. Tatizo ni skrini. Programu nyingi za simu huonyesha barua ya nje iliyo tupu na alama ya kipini ya kiambatisho, na msomaji wa kwenye daladala hafungui. Fani iliyonyooka ikakosa wasomaji.

IETF yenyewe ilichagua njia ambayo haina uzuri wowote machoni, nami naipenda kuliko zote:

From: Asha Mfano <asha=40posta.example@dmarc.ietf.org>

Alama ya @ ya anwani ya asili imegeuzwa kuwa =40, msimbo wake, kisha kikoa cha IETF kikaongezwa nyuma. Unasomeka kama kosa la chapa. Lakini ukiutazama vizuri, mstari huu haumfichi mtu. Anwani yote ya Asha imo, inaweza kurejeshwa neno kwa neno, na mtu akiijibu, IETF inampelekea Asha peke yake. Kikoa kinachopimwa ni cha aliyeleta barua, mwandishi anayeonekana ni aliyeiandika, na jina halijabandikwa kiunganishi. Ubaya wa sura ni bei ndogo.

DMARC inadai kulinda ukweli wa mistari hii ya juu. Ni lazima niseme pia ni ukweli upi, kwa sababu hapo ndipo hoja ya DMARC inapopungua nguvu. Fungua barua kwenye simu. Unaona jina, na mara nyingi huoni anwani mpaka uguse. Sera inalinda kilichomo ndani ya mabano ya pembe. Kilicho nje haikilindi. Tapeli anaweza kununua kikoa chake kwa dola chache, akaweka SPF, DKIM na DMARC kwa ukamilifu kuliko taasisi nyingi, kisha akaandika jina la benki yako kwenye pambo. Barua yake inapita mitihani yote kwa alama za juu, kwa kuwa kila kikoa kinafanana na kingine. Asha, aliyeandika kwa jina lake, kutoka akaunti yake, kuhusu riwaya aliyoisoma, anakataliwa. Sharti la ulinganifu linapima kama mistari inakubaliana. Halipimi kama inasema kweli, na mtu mwenye nia mbaya ndiye mwenye muda wa kuhakikisha mistari yake inakubaliana.

Athari nyingine iko kwenye kumbukumbu. Orodha za barua pepe ni maktaba: mijadala ya sera, ya lugha, ya programu huria imehifadhiwa humo kwa miongo. Mtafiti akitaka kuhesabu nani alichangia, alizoea kutumia anwani, kwa sababu majina hugongana na anwani hazigongani. Katika kumbukumbu za baada ya 2014 orodha yenyewe inaweza kuonekana kuwa mwandishi mwenye barua nyingi kuliko wote. Akina Hassan Ali watatu waliokuwa wakitofautishwa na anwani zao sasa wanaonekana mtu mmoja mwenye misimamo inayopingana.

Wahandisi walijua. Mwaka 2016 ilitolewa RFC 7960, waraka mzima unaoeleza jinsi DMARC inavyozigonga barua zisizokwenda moja kwa moja, na mwaka 2019 ikaja ARC, kwa hadhi ya majaribio. Kwa msomaji wa Kiswahili aliyepita madrasa, ARC haihitaji utangulizi mrefu, kwani fani yake ni ya sanadi. Hadithi ya Mtume hutanguliwa na mlolongo wa wapokezi, fulani amepokea kwa fulani, naye kwa fulani, mpaka chanzo. ARC inafanya hivyo kwa seva. Kila mpokezi anaongeza mistari mitatu yenye nambari yake, i=1, kisha i=2: mmoja unasema alipoipokea barua aliikuta katika hali gani, wa pili unaisaini barua kama ilivyo mkononi mwake, wa tatu unafunga mlolongo wote uliotangulia kwa lakiri. Mpokezi wa kwanza anaandika cv=none, maana nyuma yake hakuna mnyororo. Wanaofuata, wakikuta lakiri zote ni nzima, wanaandika cv=pass.

Kwa hiyo orodha inaweza kubandika mkia wake, ikavunja saini ya Asha, lakini ikashuhudia kwa lakiri kwamba saini hiyo ilikuwa nzima ilipofika. Kwa mara ya kwanza tangu 2014 umbo limekubali tena kwamba barua ina mwandishi na ina mpokezi, na kwamba mpokezi anaweza kuongeza neno lake bila kuwa mwizi. Kama fani, naipa heshima kubwa.

Ila wanazuoni wa hadithi hawakuishia kwenye mlolongo. Walijenga elimu nzima ya wapokezi, ya kujua nani alikuwa mkweli, nani alisahau akiwa mzee, nani hakupata kukutana na aliyedai kupokea kwake. Mlolongo usio na elimu hiyo hauthibitishi kitu, kwa maana mwongo naye anaweza kutaja majina. ARC imeleta sanadi bila elimu ya wapokezi. Lakiri inathibitisha kwamba seva fulani ilisema hivi. Kuiamini au kutoiamini seva hiyo kumeachwa kwa anayepokea. Microsoft 365 inamruhusu msimamizi kuandika orodha ya wapokezi anaowaamini, na watoa huduma wakubwa wana vipimo vyao vya ndani ambavyo hawavitangazi. Orodha ya chama cha waandishi inayoendeshwa na watu wawili wa kujitolea kwenye seva ya kukodi haimo kwenye daftari la mtu. Lakiri yake ni nzima, inasomeka, na inaweza kupuuzwa bila maelezo.

Shinikizo nalo limeongezeka. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zinataka watumaji wakubwa wawe na SPF, DKIM na DMARC, na kwa Gmail ukubwa huo unaanzia barua 5,000 kwa siku. Kipengele cha DMARC kinaridhika na p=none, kwa hiyo hakimlazimishi mtu kuamuru kukataliwa. Hata hivyo nimeona washauri wa mifumo wakiwaambia wateja wapandishe hadi p=reject kana kwamba ni cheo, bila kuuliza kama wafanyakazi wa taasisi hiyo wanashiriki kwenye orodha yoyote. Chuo kikuu kinachotangaza p=reject kwa kikoa kilekile wanachotumia maprofesa wake kuandikiana na wenzao kimechagua fani ya benki kwa kazi ya chuo. Kingeweza kuweka risiti za ada kwenye kikoa kidogo chenye sera kali na kuwaachia wasomi kikoa chenye sera laini.

Kwa upande wa wasimamizi wa orodha, ushauri wangu ni wa mhariri: punguzeni. Ondoeni mabano kwenye mada. Ondoeni mkia. Barua ikipita bila kuongezewa kitu kwenye mwili wala kwenye mistari iliyosainiwa, saini ya DKIM inafika nzima, ulinganifu unatimia, na From haina sababu ya kuguswa. Mwanachama hatapotea, maana List-Id inatosha kwa kuchuja, na Gmail huonyesha kitufe cha kujiondoa kwa kusoma List-Unsubscribe, mstari ambao upo tangu 1998. Watabaki wale ambao vikoa vyao vina sera kali na havisaini kwa DKIM, hivyo vinategemea bahasha peke yake. Kwa barua zinazotoka kwenye vikoa vyenye sera kali, Mailman ina mpangilio wa kubadilisha From huku ikiziacha nyingine, na kwa vikoa hivyo visivyosaini sioni njia nyingine. Wengine waachiwe anwani zao.